Kimya cha Mwalimu wa Hesabu

Mimi nilimnunia Mwalimu wa Hesabu kwa miaka, na sioni haya kusema hivyo. Si kule kununa kwa watoto, asubuhi wamekunja uso na jioni wanacheza pamoja. Nilihamisha kiti changu katika chumba cha walimu ili nisimwone akinywa chai. Akinisalimia, nilijibu huku nikiangalia dirisha. Sababu ilikuwa moja, na shule nzima iliijua. Shule yetu ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Kitale, ilikuwa na chumba cha kompyuta. Tulizipoteza kompyuta hizo zote siku moja kule Bungoma, kwa sababu mtu huyu alisimama akafunga mdomo wakati neno lake moja tu lilihitajika.

Sasa, kumkasirikia mtu vizuri lazima umjue, na huyu nilimjua. Tulifundisha pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, meza yake ikigusana na yangu. Ukoo wake siujui, na habari za utoto wake hakuwahi kunipa. Najua tu kwamba kwao ni pande za Chwele, kwamba kila Ijumaa alirudi huko kwa mkewe na ng'ombe wake, na kwamba Jumatatu alikuja na maziwa ambayo aliwagawia walimu wote sawasawa, ameinama mezani akipima vikombe kwa jicho moja mpaka tukachoka kungoja. Ukimwona akipima hivyo utasema ni mchoyo. Wapi! Maziwa yakipungua, kikombe kilichokosa kilikuwa chake.

Ulimi wake, kama wa wengi wa kwao, ulibadilisha l na r bila kuomba ruhusa. Mimi nafundisha Kiswahili, kwa hiyo nilimrekebisha mchana na asubuhi. Aliniambia hiyo ndiyo sababu alikimbilia hesabu, maana namba zinaandikwa bila herufi. Alikuwa na utani wa namna hiyo, mkavu, na alikuona mjinga kidogo usipocheka upesi. Kwa namba alikuwa na subira ya ajabu. Kwa watu hakuwa nayo. Mkutano wa walimu ukirefuka, alianza kuhesabu vigae vya dari kwa sauti ya chini, na mkuu wa shule alimsikia na kujifanya hakusikia.

Barabara ya mbele ya shule ndiyo iliyopitisha malori ya mahindi kutoka Endebess kwenda kwenye maghala ya mjini. Msimu wa mavuno yalipanga foleni hadi langoni petu. Mwalimu alitoka na kikombe chake cha chai akasimama kusoma namba za magari, moja baada ya nyingine, akitingisha kichwa. Mimi nilidhani kuna dereva anamdai. Kumbe alikuwa anatafuta kitu alichokiita boma tulivu.

Alinieleza hivi. Namba ni boma, na tarakimu zake ndizo watoto wa hilo boma, bila pacha, maana tarakimu hairudiwi. Boma ni tulivu ikiwa kila mtoto anaweza kuigawa namba nzima bila kubakisha kipande cha kugombaniwa. Chukua lori la 128. Moja inaigawa, mbili inaigawa, nane nayo inaigawa, na hakuna baki. Watu wamelala usingizi. Lakini lori la 413 lina nne ndani yake, na nne haiwezi kuigawa 413 bila baki. Hilo boma, alisema, lina kesi kwa chifu.

Mfano huo ulituingia haraka sisi wa Trans-Nzoia. Baba yangu alinunua shamba Endebess akiwa kijana kutoka mbali, akalilima mpaka mgongo ukapinda, na leo ndugu zangu wanapishana njiani bila salamu kwa ajili ya mpaka wa futi chache. Nikajikuta hata mimi, nisiyependa hesabu tangu nizaliwe, nasoma namba za malori na kuwaonea huruma watoto waliomo. Mwalimu alifurahi sana aliponikamata nikifanya hivyo. Na yeye, msomi aliyewacheka walimu wanaoogopa bundi, hakupanda gari lenye namba ya ugomvi ikiwa kulikuwa na jingine pale stendi. Nilipomuuliza, alisema ni mzaha tu, kisha akangoja gari la pili.

Jambo moja lilinishangaza. Hakuwahi kutafuta boma tulivu lililo kubwa kuliko yote. Wasichana walimwomba watafute kwa kompyuta, akakataa. Alisema kwao mtu mwenye heshima haulizwi ana ng'ombe wangapi, na boma zuri halipimwi kwa wingi wa vichwa. Nilimwona mtu mwenye busara siku hiyo. Baadaye nilitamani angekuwa na tamaa kidogo.

Kompyuta zenyewe zilikuja na wafadhili, watu wa kanisa waliosaidia shule kadhaa za huku na za Bungoma. Zilikuwa kuukuu, nzito, rangi ya maziwa yaliyolala, na feni zake zilinguruma hadi darasa la jirani. Hakuna aliyejua kuzitumia. Mwalimu wa Hesabu, nywele zimeshaanza mvi, akaenda kwenye saiba mjini, duka la kukodisha kompyuta na intaneti, kila alasiri kwa muhula mzima kujifunza kuandika programu. Vijana wa pale walimwita Mzee wa Kudonoa kwa sababu alibonyeza herufi kwa kidole kimoja. Hakujali hata chembe.

Programu zake zilikuwa fupi. Anzia namba fulani, shuka moja moja, kata namba vipande, gawanya kwa kila kipande. Ukikuta baki, achana nayo, endelea. Usipokuta baki, andika jibu usimame. Basi. Lakini kabla msichana hajagusa kompyuta, ilibidi programu ichezwe uwanjani. Stima ilipotea ovyo siku hizo, na kompyuta hazikutosha darasa, ndiyo maana alibuni hilo. Msichana mmoja alikuwa tisa, mwingine nane, mwingine saba, wamebeba tarakimu kwenye vipande vya kadibodi. Mwingine alikuwa mgawaji, anapita mbele yao. Ukikutwa na kosa, unakaa chini kwenye nyasi. Watu wa barabarani walisimama kwenye ua kutazama, wakidhani ni wimbo au mchezo wa kanisa. Na kweli ilipendeza. Nilizoea kuleta daftari zangu za insha nje nisahihishe huku nikiwaangalia.

Alipenda kusema kwamba humtumi mtu soko la Chwele bila kumwambia unataka nini, maana atarudi jioni na kuku, kamba na hasira. Kompyuta vilevile. Fikiri kwanza, punguza kazi, ndipo uitume. Na alikuwa na usemi mwingine kuhusu kupunguza: boma likijaa, anayehama kwanza ni mdogo, kwa sababu mizigo yake ni michache. Wasichana waliuimba usemi huo. Ulifanya kazi vizuri kwenye namba ndogondogo za malori, na mtu akizoea njia hatazami tena chini.

Kimya chake nacho lazima nikieleze, kwa sababu ndicho kilichonikosanisha naye. Mwalimu wa Hesabu hakutoa jibu. Ungelia, ungegaragara, asingetoa. Mwanafunzi akisimama ubaoni, yeye alirudi nyuma ya darasa, akatia mikono yote miwili mfukoni na kutazama viatu vyake. Nilipita siku moja nikaona msichana wa kidato cha pili, Nafula, amekwama ubaoni machozi yanamtiririka. Mwalimu akatoka nyuma. Nikasema moyoni, leo atamwonea huruma. Akampa leso yake, akarudi nyuma, mikono mfukoni. Darasa zima likangoja. Kengele ikalia, hakuna aliyetoka. Nafula akapata jibu wakati madarasa mengine yalikuwa yameshaanza kula. Nilimgombeza Mwalimu chakula cha mchana kizima. Aliniambia jibu la kupewa ni kama kiatu cha kuazima, unatembea ukiogopa mwenyewe atakuona. Nafula, alipofika kidato cha tatu, ndiye aliyekuwa mkali wa programu kuliko wote.

Mwaka huo mwenyekiti wa wafadhili akatutembelea. Alikuwa mtumishi wa serikali mstaafu, mtu wa maneno machache na koti zito hata jua likiwaka. Aliingia chumba cha kompyuta akakuta stima imepotea na wasichana wako uwanjani wakicheza tarakimu kwa kadibodi. Akasimama akawatazama kwa muda, kisha akamwuliza mkuu wetu kama kompyuta zililetwa zifunikwe vitambaa. Kule Kanduyi, Bungoma, alisema, shule ya wavulana imeajiri mwalimu wa kompyuta na haina kompyuta za kutosha. Kongamano la hesabu la shule za Kitale na Bungoma lilikuwa linakuja, na litafanyika huko huko kwa wavulana. Atakuwepo. Hataki kikombe wala alama. Akiona wasichana wameiuliza kompyuta swali na kompyuta ikawajibu, mashine zitabaki Kitale. Asipoona, atatuma gari.

Kuanzia siku hiyo hatukulala vizuri. Mkuu wa shule alikuwa akipita kwenye chumba cha kompyuta kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Wasichana walifanya mazoezi hadi macho yakawa mekundu. Mwalimu peke yake ndiye hakubadilika, au ndivyo nilivyoona. Aliendelea kuwachezesha uwanjani, na nilipomwambia muda unakwisha, awape mafumbo na majibu yake wakariri, alinitazama kana kwamba nimemwambia aibe.

Nilikwenda Kanduyi mimi mwenyewe, kwa sababu wasichana hawasafiri bila mwalimu wa kike. Ukumbi ulikuwa umejaa. Kila shule ilikuwa na meza yake na kompyuta moja, waamuzi walikaa jukwaani, na walimu tulisimama ukutani nyuma ya wanafunzi wetu. Sheria ilisomwa kwa sauti: mwalimu akimwambia mwanafunzi lolote, shule yake inapoteza alama zote za siku. Mwenyekiti wa wafadhili alikaa mstari wa mbele, akasikiliza, kisha akatoka kwenda kunywa chai na wageni. Alisema atarudi kengele ya mwisho ikigongwa aone meza ipi ina nini.

Raundi za kalamu na karatasi zilipita. Ikaja ya kompyuta, na mwamuzi akafungua bahasha. Tafuta namba kubwa kuliko zote ambayo tarakimu zake hazirudiwi, na kila tarakimu iliyomo inaigawa namba nzima bila baki.

Nikashika mdomo. Boma tulivu! Mungu ametukumbuka, nilisema. Wasichana wetu watatu wakageuziana nyuso wakitabasamu, na Nafula akatwaa karatasi. Nilimwangalia Mwalimu nikitarajia furaha. Yeye alikuwa ametia mikono mfukoni, anatazama viatu.

Nilikuwa karibu, nikasikia wasichana wakinong'onezana, na kwa mara ya kwanza maishani nilifuata hesabu hatua kwa hatua. Sifuri nje, kwa kuwa hakuna kinachogawanywa kwa sifuri. Tano nje pia. Namba inayogawika kwa tano huishia kwa tano au sifuri. Sifuri imeshatoka, na ikiishia kwa tano itakuwa witiri, basi mbili, nne, sita na nane zote zitakosa nafasi. Afadhali kumpoteza mmoja kuliko wanne. Wakabaki moja, mbili, tatu, nne, sita, saba, nane na tisa. Nafula akajumlisha: arobaini. Arobaini haigawiki kwa tatu, kwa hiyo namba nzima haitagawika kwa tatu. Mmoja lazima ahame.

Wote watatu wakasema kwa pamoja, moja. Ndiye mdogo, mizigo yake ni michache. Wakajumlisha tena wakapata thelathini na tisa, na thelathini na tisa inagawika kwa tatu. Wakafurahi. Nafula akaandika programu ianzie juu kabisa na kushuka kwa kujaribu kila mpangilio wa tarakimu hizo saba. Akabonyeza.

Kompyuta ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Skrini ilikuwa tupu.

Nafula akabonyeza tena. Tupu. Akasoma programu yake kutoka juu hadi chini, kidole kwenye kila mstari, hakuona kosa, akabonyeza. Kijasho kikaanza kumtoka juu ya midomo. Meza ya pili, wavulana wenyeji hawakuwa wamefikiri lolote. Mwalimu wao aliwazoesha kuanza namba fulani kubwa na kushuka moja moja, basi wakaanzia namba ya tarakimu saba kwa kubahatisha na kuiacha mashine ikimbie. Namba zao zilikuwa zinateremka kwenye skrini kama mvua kwenye kioo. Kisha zikasimama. Wavulana wakaruka wakapigana mabega. 9867312.

Mwamuzi akatangaza kuwa muda unaelekea ukingoni. Nikamsogelea Mwalimu ukutani. Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba alama si kitu, kikombe si kitu, mwenyekiti mwenyewe amesema hataki alama. Aseme neno moja tu, tupoteze kongamano, kompyuta zibaki. Macho yake yalikuwa kwenye ile skrini tupu, na taya zimemkaza. Nikamvuta mkono wa koti. Akatingisha kichwa mara moja.

Kengele ikagongwa. Mwenyekiti akaingia akifuta mdomo kwa leso. Akapita meza ya wavulana, akasoma namba, akawapa mkono. Akaja kwetu. Akaangalia skrini, akamwangalia Nafula, akauliza kwa upole kama mashine imeharibika. Nafula, mtoto mkweli, akasema hapana, mashine ni nzima. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa, akaendelea na safari yake.

Ndani ya basi la shule hakuna aliyeimba. Mwalimu alikaa mbele kabisa, mimi nyuma yake, nikitazama kisogo chake kwa chuki ambayo sijawahi kuwa nayo kwa binadamu. Tulipokaribia Kimilili, Nafula akasimama. Akawaomba wanane kati ya wenzake waliokuja kushangilia wasimame kwenye njia ya katikati, akawaita kwa tarakimu kama uwanjani. Akamkalisha moja, akajumlisha tarakimu za waliosimama kwa sauti: thelathini na tisa. Tatu yuko sawa, akasema. Kisha akamwuliza tisa kama naye yuko sawa. Msichana aliyekuwa tisa akafikiri, akasema hapana, thelathini na tisa haigawiki kwa tisa. Nafula akamsimamisha moja, akamkalisha mbili, haikufaa. Akamkalisha tatu, haikufaa. Akamkalisha nne. Wakajumlisha: thelathini na sita. Tatu yuko sawa, sita yuko sawa, tisa yuko sawa.

Wasichana walipiga kelele hadi dereva akapunguza mwendo. Aliyetakiwa kuhama ni nne! Moja angebaki zake pale bila kumsumbua mtu. Walikumbatiana, wengine wakicheka na kulia, kisha wakakumbuka na kukaa. Mwalimu hakugeuka. Mabega yake yalikuwa yameinuka, na kisogo kile hakikusogea mpaka tulipofika Kitale.

Gari la wafadhili lilikuja wiki iliyofuata. Wasichana walisimama madirishani wakiangalia kompyuta zinapakiwa zimefungwa mablanketi. Mwalimu alizibeba mwenyewe pamoja na wale watu, akiwaonyesha pa kushika. Kwenye gwaride la asubuhi mkuu wa shule, ambaye naye moyo ulikuwa umemuuma, alijikaza akasema tumepoteza mashine lakini tumebaki na mwalimu mwenye msimamo, asiyeuza kanuni yake hata mbele ya hasara. Wasichana wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Msimamo gani huo wa kuwanyima watoto? Nilisema hivyo chumba cha walimu, nikasema tena mbele ya wanafunzi, nikasema na kwa wazazi. Kuna mtu, nilisema, angeiacha nyumba yake iungue kwa sababu ameapa hatapiga mayowe. Yeye alisikia. Hakujitetea hata mara moja, na hilo lilinichoma zaidi, nikaliona kuwa kiburi.

Alistaafu baada ya miaka kadhaa. Siku ya kumuaga nilisema nina mafua.

Miaka michache baadaye nilikwenda Chwele siku ya soko, mimi na kaka yangu mdogo, kutafuta mtamba wa maziwa. Kaka akazama kwenye bei na madalali. Nikahisi mtu amesimama kando yangu, nikageuka, ni yeye. Amepungua, kofia imeshuka masikioni, kamba ya ndama mkononi. Alinisalimia kwa heshima ile ile, akamuulizia mama yangu, akauliza mvua za Endebess. Akasema hawezi kukutana na mgeni wa kutoka mbali akamwachilia bila chai. Nikashindwa kukataa. Nyumbani kwake au kwangu ningekataa, lakini hapo sokoni watu walikuwa wanatutazama.

Tukaketi kwenye kihoteli cha mabati, ndama amefungwa nje. Chai ikaja ya maziwa mengi, na mandazi. Tuliongea habari za Nafula, ambaye alikuwa amesoma mpaka chuo kikuu na alimpigia Mwalimu simu kila sikukuu. Nilikuwa nimeapa sitalitaja lile jambo. Lakini hasira ya miaka haina adabu, ikatoka yenyewe.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile Kanduyi ulikuwa unaliona kosa. Neno moja tu. Kwa nini ulitunyima?"

Akakiweka kikombe chini. Alikaa kimya, nikadhani ananijibu kwa kimya chake kile cha siku zote. Kumbe alikuwa anatafuta pa kuanzia.

"Madam, mimi sikuliona."

Nikamtazama.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nimemtoa moja," akasema. "Kabla yao, kichwani. Nilipopata therathini na tisa nikafurahi kama wao. Ile sikirini ilipokaa tupu, nilikagua programu ya yule mtoto mstari kwa mstari kutoka pale ukutani, sikupata kitu. Wewe unanivuta koti, mimi sina la kusema. Nilijua jibu ndani ya basi, pale Kimiriri, wakati mmoja na wewe."

Sikuamini masikio yangu. Nikamuuliza mbona hakusema. Mkuu alimsifu mbele ya shule nzima, na yeye akakubali. Mimi nilimtukana mbele ya watoto, na yeye akakubali hilo pia.

"Hizo sifa zilikuwa mbaya kuliko matusi," akasema. "Lakini ningesema nini? Wasichana walikuwa wamepoteza mashine. Nikasema wasipoteze na mwalimu." Akaligeuza andazi kwenye sahani bila kulila. "Ningejua, Madam, ningepiga kelele ukumbi mzima usikie. Kanuni ni ya darasani. Zile kompyuta nilizipenda kuliko kanuni."

Nilimwamini. Niliona aibu, na niliona huruma, na katikati yake kulikuwa na pengo mahali hasira ilipokuwa imekaa miaka yote, sikujua nilijaze na nini. Nikaanza kumwambia pole, kwamba kama ningejua nisingemtendea vile. Akainua mkono kunizuia.

"Hapana, usinipe pole. Wote walinisamehe haraka, wengine wakaanza kunisahau. Wewe peke yako ulikuwa unanichukia ukiamini najua. Nilikuwa naingia pale ofisini asubuhi, naona umegeuza kiti, nasema moyoni, basi kuna mtu mmoja bado anaamini mimi ni mwalimu wa hesabu."

Nje kaka yangu alikuwa ananiita, amepata mtamba. Nikainuka, nikachukua mkoba wangu. Mzee alibaki ameketi akinitazama, na sikuona ni kitu gani kingine ningeweza kumpa.

"Mwalimu," nikamwambia, "mimi bado nimekukasirikia."

"Asante, Madam," akasema, akavuta kikombe chake akanywa.